Habari ambazo sikuziandika

Kazi hii sikuiomba. Mwaka 2019 tovuti ya kampuni yetu ilikuwa na ukurasa ulioitwa Habari na Matukio, na ndani yake kulikuwa na habari moja tu: "Karibuni kwenye tovuti yetu mpya." Ilikaa pale peke yake miezi 14. Siku moja mteja wa Arusha akampigia bosi kuuliza kama kampuni bado ipo, maana ameona hatuna habari. Bosi akageuka na kiti chake, akatutazama mmoja mmoja, macho yakatua kwangu.

"Wewe si ndiye mjuaji wa Kiswahili? Basi utakuwa unatuandikia."

Mimi ni mtu wa programu. Ujuaji wenyewe ni kwamba wiki moja kabla nilikuwa nimemkosoa bosi kwenye barua ya zabuni, ameandika "masaa", nikamwambia ni "saa". Nimelipia kiherehere kile mpaka leo. Kila mwisho wa mwezi natafuta picha tatu, naandika aya nne, naanza na "Tunayo furaha kuwatangazia", napandisha kwenye tovuti, halafu natuma kwa wateja kama jarida, kwa barua pepe ambayo wengi wao hawaifungui.

Jina la kampuni sitaji. Bado wananilipa. Inatosha kusema tunatengeneza mfumo wa mauzo na stoo kwa ajili ya maduka: vyombo, vifaa vya ujenzi, dawa, vipuri. Muuzaji anabonyeza, stoo inapungua, risiti inatoka, na jioni mwenye duka akiwa kwake Tabata au Mbagala anaona kwenye simu ameingiza kiasi gani. Walianza watu watatu mwaka 2016. Mimi niliingia 2017, wa nne. Leo tuko 31.

Nimekuwa nikipitia habari zote nilizoandika miaka hii, na nimegundua kwamba habari, kwa kampuni inayokua, ni kitu chochote kinachopigika picha. Keki inapigika. Utepe mwekundu na mkasi vinapigika. Watu wawili wenye suti wameshikana mikono mbele ya bendera ya kampuni, hiyo ndiyo habari yenyewe. Tuliwahi kupata hata tuzo. Nilichoacha kuandika ni kwamba barua ya kututaarifu kuwa tumeteuliwa ilikuja pamoja na ankara ya meza ya watu kumi, na kwamba bosi alikaa nayo siku mbili kabla ya kulipa. Tuzo ni ya kioo, ipo mapokezi, inashikilia mlango usijifunge upepo ukivuma.

Kule Sinza tulikokuwa mwanzo hapakuwa na cha kupiga picha. Chumba na sebule, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mchana tunakula kwa mama ntilie wa kona ile ya pili. Maamuzi yote makubwa ya kampuni yalifanyika kwenye benchi lake katikati ya sahani za wali maharage: nani aende Morogoro kufunga mfumo, bei ipande au ibaki, hii bagi, yaani kosa la programu, ni ya nani. Mtu akimeza tonge, jambo limekwisha. Sasa tuko Mikocheni, tuna chumba cha mikutano cha vioo, na mwaka juzi suala la rangi ya kitufe kimoja lilikula vikao vitatu.

Dada wa fedha, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, ndiye aliyenieleza kwa nini. Alichora vidoti nyuma ya bahasha. Watu wanne, kila mmoja akimsalimia mwenzake, salamu ni 6. Wakiwa 12, ni 66. Wakiwa 31, ni 465.

"Mdogo wangu, hapo kazi hamjaanza. Ni salamu tu."

Nikamwambia hesabu hiyohiyo aliipiga Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za System/360 za IBM miaka ya 1960. Mradi ulichelewa, wakaongeza watu, ukachelewa zaidi. Mwaka 1975 akaandika kwamba ndivyo ilivyo: ukiongeza watu kwenye kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa, unaichelewesha tena, maana wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale waliokuwa wanaifanya kazi. Dada akakunja bahasha yake. "Na bado mnaajiri?" Mwezi ule nilikuwa nimetoka kuandika kwamba tunayo furaha kuwatangazia kuwa familia yetu imekua, tumepokea vijana sita.

Kabla sijaendelea lazima nimtaje mama mmoja wa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, anayeuza vyombo vya ndani kwa jumla na rejareja. Sufuria, chupa za chai, hotipoti, mabeseni yaliyopangwa mpaka dari. Ni mteja wetu wa tisa tangu kampuni ianze. Mimi ndiye niliyemfungia mfumo, na tangu wakati huo amekataa kuhudumiwa na mtu mwingine. Mfumo anautumia vizuri kuliko baadhi ya wafanyakazi wetu. Ila pembeni ya kompyuta, juu ya kaunta, halikosi kaunta buku. Lile kubwa, jalada gumu, kona zimechakaa zikawa kama sufi, kalamu imefungwa kwa uzi wa katani.

Miaka ya mwanzo lile daftari lilinikera. Niliona kama tusi. Siku moja nikamwambia, "Mama, si unaamini mfumo? Hili la nini tena?"

"Mwanangu, kompyuta yenu inajua nimeuza nini. Hili linajua nani ana mali yangu."

Akanifungulia. Mstari mmoja: jina, "Tunduma", dazeni kumi za chupa za chai. Mstari mwingine: Lubumbashi. Mwingine: Moroni. Watu wanachukua mzigo, wanaondoka nao, wanalipa safari ijayo wakishauza. Mali kauli. Hakuna hati wala riba, na tarehe anayoijua mteja ni "nikirudi". Sisi kwenye mfumo tulikuwa na ukurasa wa Mkopo, na tuliupenda sana. Ulitaka namba ya kitambulisho, mdhamini, tarehe ya mwisho ya kulipa na asilimia ya faini. Mama aliujaribu mara moja, mteja wa Tunduma akamuuliza, "Kwani leo umeacha kuniamini?" Hakuurudia.

Nilirudi ofisini nikaandika kwenye orodha ya kazi: "Mali kauli." Hiyo ilikuwa 2018. Ishike hiyo tarehe.

Habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika ilitoka Desemba 2022: tumehamia kwenye wingu. Kabla ya hapo seva yetu ilikuwa kompyuta ya mezani iliyokaa chini ya ngazi, na betri mbili na inveta, na karatasi iliyoandikwa kwa makapeni USIZIME. Tulipohama Sinza ilisafiri kwa bajaji, imepakatwa kama mtoto. Usiku luku ikiisha, mmoja wetu alikuwa anapigiwa simu na walinzi. Kwa hiyo kuhamia kwenye wingu ilikuwa sherehe kweli. Tatizo lilikuwa picha. Wingu unalipigaje? Nilikwenda Coco Beach saa kumi na moja jioni nikapiga wingu la kweli, la mvua, na ndilo lipo kwenye tovuti mpaka leo.

Hilo wingu la kwenye mikataba ni kompyuta za watu, ziko ardhini, ndani ya jengo, na zetu ziko Ireland. Mama akiuza sufuria moja Mtaa wa Sikukuu, taarifa inatoka dukani, inaingia baharini, inakwenda Ulaya kuandikwa, inarudi na risiti. Mteja yuko hatua moja kutoka kwenye kaunta. Hili sikuliandika.

Kazi yote ya kuhama aliifanya kijana mmoja wa Mbeya, fundi hasa, mkimya, anayekula karanga siku nzima. Februari 2023 akapata kazi ya kampuni ya Ujerumani, anaifanya akiwa hukohuko kwao Mbeya, analipwa kwa yuro. Tukanunua keki. Nikaandika tunamtakia kila la heri katika safari yake mpya, nikaweka picha. Watu 26 tulikula ile keki, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza: bwana mdogo, ni vitu gani unavijua wewe peke yako?

Jibu la kwanza lilikuja mwezi wa Ramadhani. Mwaka ule Idi iliangukia tarehe 22 Aprili, na anayeijua Kariakoo anajua kumi la mwisho lilivyo: watu wakishafuturu wanarudi sokoni, na maduka yanauza mpaka usiku wa manane. Asubuhi moja mama akapiga.

"Mwanangu, mfumo wenu umechanganyikiwa. Nilichouza leo umekiweka jana."

Nikamjibu kitaalamu, nikamwambia azime awashe. Mchana wakapiga wengine watano. Mauzo yote ya baada ya saa sita usiku yalikuwa yanahesabiwa siku iliyopita, kwa hiyo ripoti ya siku na fedha iliyomo kwenye droo haviendani, na wauzaji wawili tayari walikuwa wameshatuhumiwa wizi na mabosi wao. Hilo la wauzaji ndilo lililoninyima usingizi. Nikafungua sehemu ya risiti kwenye msimbo wa programu. Juu kabisa yule kijana alikuwa ameandika: USIGUSE. UKITAKA KUGUSA NIPIGIE.

Nikampigia. Alikuwa anatafuna karanga, nilizisikia. Hakuchukua hata dakika kumi.

"Kaka, ni saa. Ile ya chini ya ngazi ilikuwa inaishi saa za Dar. Hii mpya inaishi saa za Greenwich."

Tofauti ni saa tatu. Sisi tukifika saa sita usiku, kule seva inaona ndiyo kwanza saa tatu usiku, na haitaivuka siku mpaka huku iwe saa tisa alfajiri watu wanakula daku. Tangu Desemba bagi hii ilikuwepo, imelala, kwa sababu hakuna anayeuza hotipoti saa saba usiku mwezi Januari. Ilihitaji Ramadhani kuiamsha. Kuirekebisha kulichukua mistari miwili. Kuwapigia wale wenye maduka wawili na kuwaambia "muuzaji wako hakuiba, tulikosea sisi" kulichukua asubuhi nzima, na mmoja alikuwa ameshamfukuza binti wa watu. Alimrudisha. Jarida la mwezi ule lilikuwa na habari ya futari tuliyoandaa kwa ajili ya wadau.

Jibu la pili lilichelewa mpaka Jumatano moja ya Septemba. Saa nane na dakika kumi mchana, mmoja wa wale vijana sita wapya alikuja mezani kwangu akasimama. Hakuwa na rangi usoni.

"Kaka, nadhani kuna kitu nimefanya."

Kwenye skrini yake kulikuwa na madirisha mawili meusi yanayofanana kama mapacha wa mama mmoja. La kulia lilikuwa la majaribio, la kushoto lilikuwa la kweli, lenye maduka yote ya wateja. Alitaka kusafisha data za majaribio. Alisafisha la kushoto.

Basi, si tuna bekapu, zile nakala za akiba? Tulikuwa nazo. Kila usiku faili moja, zimepangwa kwa tarehe, za kupendeza. Nikafungua ya jana yake: ukubwa baiti 0, yaani tupu. Ya juzi: 0. Tangu katikati ya Juni, zote 0. Diski ya kuhifadhia ilijaa, na mfumo ulikuwa umetuma onyo kila usiku bila kukosa, barua pepe 97, zote kwenye sanduku la yule kijana wa Mbeya ambalo tulilifunga siku ya keki.

Baadaye sana nilisoma kilichowapata GitLab, kampuni ambayo waandika programu dunia nzima wanahifadhi kazi zao kwake, na nikahisi kama ninasimuliwa habari ya nyumbani. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao aliyekuwa amehangaika muda mrefu na hifadhidata iliyoelemewa alifuta folda kwenye seva hai akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Aliikatisha amri baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya GB 300 hivi, zilibaki 4.5. Wakageukia njia zao za kutunza nakala, walikuwa nazo tano, hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Ile ya kila siku ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya matoleo ya programu kutolingana, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa sita ikapotea, miradi ipatayo 5,000 ikaguswa.

Lakini walichofanya ndicho kilichonikalisha chini. Waliweka kumbukumbu za uokoaji wazi kila mtu asome wakati kazi inaendelea, wakarusha moja kwa moja YouTube wanavyohangaika, na baadaye wakaandika taarifa ndefu yenye kila kosa, bila kumtaja jina yule mhandisi. Miaka minne baadaye, Oktoba 2021, hisa zao zikaanza kuuzwa Nasdaq, soko la hisa la Marekani. Hawakufa kwa kusema.

Sisi hatukurusha kitu YouTube. Kilichotuokoa ni laptopu yangu. Jumatatu jioni nilikuwa nimejinakilia hifadhidata nzima ili nijaribu ripoti mpya nikiwa nyumbani. Na hapa kuna jambo la aibu ambalo ni heri niliseme. Mei ya mwaka uleule, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika, mimi kwa mkono wangu niliandika kwenye jarida kwamba taarifa za wateja wetu haziondoki kwenye seva zetu salama. Ziliondoka. Zilipanda na mimi daladala ya Mwenge, kwenye begi, chini ya kontena la chakula.

Kwa hiyo tulipoteza Jumatatu jioni mpaka Jumatano mchana. Bosi akaandika meseji ya kutuma kwa wateja: "Ndugu mteja, tunafanya maboresho ya mfumo ili kukuhudumia vizuri zaidi." Akanipa niipitie Kiswahili. Dada wa fedha akaisoma begani kwangu.

"Maboresho gani yanayokula mauzo ya mtu?"

Kukawa kimya. Bosi si mtu mbaya. Alikuwa na mishahara ya watu 28 kichwani na mazungumzo na mwekezaji wiki inayofuata. Alitoka nje, akazunguka gari lake mara mbili, tunamwona kupitia vioo. Aliporudi aliniambia niandike nitakavyo, isizidi meseji moja. Herufi 160 ni shule nzuri ya uandishi, nakushauri uijaribu. Nikaandika: "Tumepoteza mauzo yenu ya kuanzia Jumatatu saa 12 jioni hadi Jumatano saa 8 mchana. Kosa ni letu. Tunzeni risiti, tunakuja kuyaingiza upya."

Ndiyo habari bora niliyowahi kuiandikia kampuni hii, na haipo kwenye tovuti.

Tukagawana miji na mitaa. Kila mtu alitoka, hata bosi. Yeye alikwenda Temeke. Mimi nilishika Kariakoo. Maduka mengine yalikuwa na nakala za risiti kwenye msumari, mengine yalikuwa na kumbukumbu ya muuzaji na Mungu wake. Nilipofika Mtaa wa Sikukuu, mama alikuwa ameshasoma meseji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo. Andika."

Akafungua kaunta buku. Kumbe tangu yale ya Ramadhani, mbali na mali kauli, alikuwa anaandika pia kila mauzo ya jumla na jumla ya siku, kwa mwandiko wake wa kulala. Akawa anasoma, mimi naingiza. Mabeseni namba tano, dazeni nane. Sufuria seti, tatu. Dakika arobaini tukawa tumemaliza, na hesabu ikakaa sawa mpaka shilingi. Mfumo wenye seva Ireland ulirudishiwa kumbukumbu zake na kalamu iliyofungwa kwa uzi wa katani. Alinipa soda ya baridi. Sijui kama kuna siku nimejiona mdogo vile.

Wateja watatu waliondoka. Yule kijana hakufukuzwa, na sasa ndiye anayewafundisha wapya. Jambo la kwanza anawaonyesha namna ya kuweka mpaka mwekundu kwenye dirisha la kweli. Kila Ijumaa mtu mmoja anachukua bekapu ya usiku, anaifungua kwenye kompyuta nyingine, anahakikisha duka moja linasomeka, halafu anaandika jina lake ubaoni. Nilipendekeza tuandike kuhusu hilo. Bosi akasema meseji ilitosha. Septemba ile jarida lilikuwa na bonanza la mpira, tulitoka sare bila bao na kampuni jirani.

Halafu ikaja ile Jumapili, 12 Mei 2024. Wengi mnaikumbuka. Mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini kuelekea Afrika Kusini, na Seacom ilikuwa bado ina jeraha la Bahari ya Shamu tangu Februari. Intaneti ya Dar ikawa ya kuomba. Asubuhi ya Jumatatu Kariakoo ilifungua, malori yamesimama, mtu wa Tunduma ana basi la jioni, na mfumo wetu unazunguka tu pale kwenye skrini ukitafuta Ireland.

Uwezo wa kuuza bila mtandao ulikuwa kwenye orodha yetu ya kazi tangu Januari 2023. Niliangalia historia yake: ulisogezwa mbele mara tano. Mara ya kwanza ulipishwa na ukurasa wa grafu za rangi, ambazo mwekezaji alizipenda. Mara ya pili na ya tatu, mteja mkubwa alitaka nembo yake kwenye risiti. Kazi ya kuuza bila mtandao haina sura. Ikifanya kazi vizuri mteja haoni kitu, na kisichoonekana hakipati nafasi kwenye jarida wala kwenye kikao. Ile kompyuta ya chini ya ngazi, Mikocheni, kilomita chache kutoka Kariakoo, huenda siku ile isingejua hata kama kuna mkongo umekatika. Nilimwambia bosi hivyo. Hakunijibu, ila Jumanne asubuhi kazi ile ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na Agosti nikaandika kwamba tunayo furaha kuwatangazia kuwa sasa mfumo wetu unafanya kazi hata bila mtandao.

Siku hizi bosi anasema habari ziandikwe na akili unde, niokoe muda. Nilijaribu. Iliandika kwa sekunde nne, na mstari wa kwanza ulikuwa "Tunayo furaha kubwa kuwatangazia". Ni wazi imesoma za kwangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtaa wa Sikukuu kumwonyesha mama kitufe kipya. Kimeandikwa Mali kauli. Kinataka vitu vitatu tu: jina, mzigo, na mahali. Tarehe ya kulipa ukiiacha wazi, mfumo unaandika wenyewe "akirudi". Kutoka siku nilipokiweka kwenye orodha imepita miaka saba. Mama alikijaribu na mteja wa kweli, jamaa wa Kasumbalesa, hotipoti dazeni sita. Deni likakaa. Akalitazama muda mrefu, miwani puani.

Wakati anamhudumia mtu mwingine nilifungua kaunta buku kutafuta jina la mteja, likafunguka upande wa nyuma. Kurasa za mwisho hazikuwa za mali. Mstari wa juu: "Mfumo umeweka leo jana. Nimempigia." Chini yake tarehe ya Septemba: "Wamepoteza hesabu. Wamesema wenyewe. Kijana amekuja, ameandika yote." Kisha: "Jumatatu 13/5 hakuna mtandao. Tumeuza kwa mkono." Kisha Agosti, bila maelezo mengine: "Sasa unauza bila mtandao." Miaka yetu yote ya shida ilikuwa pale, mwandiko wa kulala, mistari kama ishirini. Keki haikuwemo, wala tuzo.

Nikamwomba niipige picha ile kurasa. Akanitazama kama nimemwomba funguo za stoo.

"Ya nini?"

"Ya jarida, mama."

Akalivuta daftari upande wake, akafungua kalamu, akatazama kalenda ya ukutani, akaandika tarehe. Nilisoma kwa kupindua shingo: "Kijana wa kompyuta ameleta mali kauli. Tuone."